Kadi za Kitaalamu na Kadi za Michezo katika Uzalishaji wa Taswira za Pande Tatu

Makala haya yanafafanua tofauti baina ya kadi za michoro za kitaalamu na zile za michezo ya kompyuta katika uzalishaji wa taswira, yaani kazi ya kugeuza modeli ya pande tatu kuwa picha kamili yenye mwanga na vivuli. Wanunuzi wengi huamini kwamba kadi ya bei kubwa hufanya kazi hiyo kwa kasi zaidi. Imani hiyo haithibitiki.

Mfano bayana ni kadi mbili za NVIDIA za mwaka 2020, GeForce RTX 3090 na RTX A6000. Zote zimejengwa juu ya chipu ya aina moja, GA102. Ya kwanza ina viini vya CUDA 10,496 na ya pili 10,752, tofauti isiyofika asilimia 3. Hata hivyo, 3090 ilitangazwa kwa dola 1,499 za Marekani, ilhali A6000 iliuzwa kwa takribani dola 4,650. Isitoshe, kumbukumbu ya kadi ya michezo husafirisha data kwa kasi zaidi: gigabaiti 936 kwa sekunde dhidi ya 768. Anayetafuta kasi pekee hana sababu ya kulipa mara tatu.

Kinacholipiwa hasa ni ukubwa wa kumbukumbu: gigabaiti 48 dhidi ya 24. Programu kama Cycles ya Blender hupakia katika kadi maumbo yote ya mandhari, picha zinazovikwa kwenye nyuso zake, pamoja na muundo wa data unaoharakisha ufuatiliaji wa miale ya mwanga. Msitu wenye miti ya kina au mtaa mzima wa majengo unaweza kuvuka gigabaiti 24. Ikiwa hivyo, programu hukopa kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, ambayo hufikiwa kwa njia ya polepole mno, au kazi husimama kabisa. Wingi wa viini hausaidii lolote hapo.

Hoja ya usahihishaji wa makosa ya kumbukumbu, inayotajwa sana na wauzaji, imetiwa chumvi. Biti moja iliyogeuka katika picha mara nyingi haionekani kwa jicho. Katika ukokotoaji wa kihandisi ni jambo jingine. Nayo ithibati ya draiva kutoka kwa kampuni kama Autodesk huwafaa zaidi wanaosanifu modeli kuliko wanaozalisha picha ya mwisho.

Joto, kwa upande mwingine, halizungumzwi vya kutosha. 3090 ya NVIDIA yenyewe hutumia wati 350, huchukua nafasi tatu na humwaga sehemu ya joto ndani ya kasha. A6000 hutumia wati 300, huchukua nafasi mbili na hutoa hewa moto nje, hivyo kadi nne zinaweza kukaa pamoja. Aidha, leseni ya draiva za GeForce hairuhusu matumizi katika vituo vya data. Kwa hiyo, anayekusudia kuendesha huduma ya uzalishaji wa taswira kutoka kituo cha aina hiyo hulazimika kutafuta kadi za kitaalamu, hata kama mandhari za wateja wake ni ndogo.