Saratani ya Kibofu: Unarithi Nini Hasa?

Ukijiandikisha kwa daktari huku Uingereza, utaulizwa kama kuna mtu katika familia yenu aliyewahi kuugua saratani. Wengi wetu hujibu "hapana" upesi, kwa sababu kule nyumbani mzee aliyekojoa damu mpaka akadhoofika alisemwa tu kuwa "anaumwa tumbo", akazikwa hivyo. Kwa saratani ya kibofu cha mkojo, historia hiyo ina maana, ingawa si ile ambayo wengi huiogopa. Mara nyingi kinachorithiwa si saratani yenyewe, bali namna mwili unavyoondoa sumu.

Mwaka 1895 daktari mpasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt aliripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Lakini katika kazi kama hiyo wako waliougua na wako walioishi hadi uzee bila tatizo. Kwa nini huyu na si yule? Sehemu ya jibu ilipatikana mahali pasipotarajiwa: kwenye dawa ya kifua kikuu. Isoniazidi ilipoanza kutumika miaka ya 1950, ilionekana kwamba baadhi ya wagonjwa huiondoa mwilini haraka na wengine polepole, na hao wa polepole ndio hasa waliopata ganzi na kuchomwachomwa miguuni. Aliyeuguza ndugu mwenye TB huenda anakumbuka vile vidonge vya vitamini B6 vinavyotolewa pamoja na dawa; kazi yake ni kuzuia ganzi hiyo.

Chanzo cha tofauti hiyo ni jeni iitwayo NAT2, inayoongoza utengenezaji wa kimeng'enya fulani kwenye ini. Ukirithi nakala dhaifu kwa baba na nyingine dhaifu kwa mama, kimeng'enya chako hufanya kazi polepole. Na kimeng'enya hichohicho ndicho kinachopunguza makali ya baadhi ya kemikali za amini, zile zilizokuwa viwandani na zilizomo hadi leo kwenye moshi wa sigara. Kisipoziwahi, hupita njia nyingine, hugeuka kuwa kali zaidi, kisha huingia kwenye mkojo, na kibofu hukaa na mkojo huo kwa saa kadhaa. Mwaka 1982 Cartwright na wenzake walichapisha matokeo kutoka Uingereza: kati ya wagonjwa 23 wa saratani ya kibofu waliowahi kufanya kazi ya rangi, 22 walikuwa wa polepole.

Hata hivyo, jeni hiyo isihukumiwe haraka. Kwa wafanyakazi wa China walioshika benzidini, mojawapo ya kemikali hizo za amini, wa polepole hawakuonekana kuugua zaidi. Kumbe ubaya wake hutegemea sumu unayokutana nayo. Utafiti mkubwa wa Hispania, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha hivyohivyo kwa sigara: kwa ujumla wa polepole walikuwa na hatari iliyozidi kwa takriban asilimia 40, lakini ongezeko hilo lilikuwa kwa wavutaji. Kwa wasiovuta halikuonekana. Mimi naliona hili kuwa habari njema kabisa, maana jeni huwezi kuibadili, ila sigara unaweza kuiacha.

Jeni nyingine ya kuondoa sumu ni GSTM1, ambayo watu wengine hawanayo kabisa. Karibu nusu ya Wazungu wameikosa. Kwa Waafrika wanaoikosa ni wachache zaidi. Kuikosa huongeza hatari kwa kama mara moja na nusu.

Urithi mzito zaidi upo, ila ni nadra. Sindromu ya Lynch, hasa inapotokana na hitilafu ya jeni ya MSH2, huleta saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba katika ukoo mmoja, mara nyingi kabla ya uzee, na huweza kugusa njia ya mkojo pia.

Kwa sisi tuliokulia Pemba, pwani ya Kenya au vijiji vya Kanda ya Ziwa, kuna jambo linalofanana na urithi lakini si urithi. Kichocho cha mkojo kikidumu miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu, na ndugu waliooga mto mmoja huweza kuugua wote bila jeni yoyote kuhusika. Mwambie daktari wako wa huku. Huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa kichocho. Na damu kwenye mkojo, hata ikitoka mara moja bila maumivu, ipimwe.

Vile vipimo vya jeni kwa mate vinavyouzwa kwa posta sivipendekezi kwa jambo hili. Tafiti nyingi za jeni za saratani hii zilifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo makadirio yake hayamfai moja kwa moja mtu wa Tanga au Bukavu. Ikiwa ndugu kadhaa wa upande mmoja wameugua saratani ya utumbo, ya mji wa mimba au ya njia ya mkojo, omba rufaa kwenye kliniki ya vinasaba, na kabla ya kwenda wapigie simu shangazi na wajomba uwaulize nani aliugua nini na akiwa na umri gani.