Siku Chache za Mapumziko: Kutoka Milima ya Chyulu Hadi Bahari ya Malindi

Wakulima wengi wa Kitui na Makueni hudhani kwamba likizo ni jambo la watu wa ofisi na la wageni watokao Ulaya. Wao wenyewe wakipanda basi la Mombasa huenda matangani, au harusini, au kutafuta kazi. Lakini mwezi wa Agosti shule zimefungwa, mavuno ya mvua ya Machi yamekwisha kuingia ghalani, na kupanda hakujaanza. Mtu aliyeweka akiba kidogo aweza kutoka siku nne na watoto wake bila kulitia shamba hasara, mradi amwachie jirani mwaminifu mbuzi na kuku. Desemba haifai, maana wakati huo palizi imepamba moto.

Swali ni hili: mtu aende wapi, akafanye nini? Sisi twashauri kwamba ufuate maji. Anza milimani, umalizie baharini.

Milima ya Chyulu huonekana upande wa kulia uendapo Mombasa, tangu Emali hadi karibu na Mtito Andei. Ni vilima vya volkano, na kilele chake kirefu hupita mita 2,100. Sehemu kubwa ni nyasi tupu, na juu kabisa pana msitu ambao asubuhi hufunikwa na ukungu. Sasa tazama jambo la ajabu: mvua hunyesha huko na ukungu hutua, lakini juu ya milima hiyo hakuna mto hata mmoja. Maji yote huzama katika majivu ya volkano na mawe yenye matundu, yakapita chini ya ardhi, kisha yakatokea mbali. Mengine hutokea Umani, karibu na Kibwezi. Mengi zaidi hutokea Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, zaidi ya lita milioni 200 kila siku, maji meupe kama kioo. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo hupelekwa Mombasa kwa bomba. Basi anayechoma nyasi au kukata miti ya makaa huko Chyulu anagusa mtungi wa mtu asiyemjua, aliye mbali sana.

Mzima ni karibu kilomita 50 kutoka Mtito Andei. Hapafikiki kwa miguu, kwa sababu ya wanyama. Yafaa watu wa kanisa moja, au wa chama kimoja cha ushirika, wachange na kukodi gari. Chukua kitambulisho chako, maana mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na uulize mapema, kwa kuwa siku hizi malipo hayo hufanywa kwa simu wala si kwa fedha taslimu. Ukifika utaona viboko na mamba, na pana chumba kidogo kilichojengwa ndani ya maji, chenye madirisha ya kioo, ambamo watoto hutazama samaki wakipita. Mfuate askari wa mbuga, wala usiwaache watoto kukaribia ukingo peke yao.

Njiani, pale Makindu, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Humpa kila msafiri chakula bila malipo, awe wa dini yo yote. Vua viatu, funika kichwa, na usiingie na tumbako wala pombe. Ukiweza, acha sadaka.

Watu wa Kitui hawana haja ya kuzunguka kupitia Machakos. Siku hizi iko barabara ya lami kutoka Kitui kupitia Mutomo hadi Kibwezi, nayo huvuka Mto Athi. Hapo darajani ndipo pa kusimama. Chukua chupa nyeupe na ndoo yenye kamba, uteke maji ya mto, uijaze chupa, uifunge. (Asiye na nauli ya kwenda mbali na apande Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui. Liko na ngazi ya chuma, na hadithi ya kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka mume kuwa mke au mke kuwa mume inatosha kuwafanya watoto wacheke siku nzima.)

Kutoka Kibwezi au Mtito Andei waweza kupanda basi, au ile treni iliyoanza mwaka 2017. Lakini hakikisha unapanda ile isimamayo njiani, maana nyingine hupita moja kwa moja. Wazee wetu waliifanya safari hii kwa miguu. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu hadi pwani.

Mombasa wengi wanapajua, kwa hiyo sitapaeleza. Endelea hadi Malindi, kilomita 120 hivi kaskazini. Iko nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapo mwaka 1498, na kusini ya mji yako magofu ya Gede msituni. Mwezi wa Agosti upepo wa kusi huvuma na mawimbi huwa makubwa, basi watoto waoge penye maji machache, na uwaulize wavuvi saa za kujaa na kupwa. Vaa kwa heshima uingiapo mitaani, na uamkie watu kwanza kabla ya kuuliza njia.

Lakini mahali hasa tulipokuletea ni kilomita chache kaskazini ya mji, penye mlango wa Mto Sabaki. Mto huu ni Athi ule ule. Ukiisha kuungana na Mto Tsavo, wenye maji ya Mzima, huitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki. Simama mbali na ukingo, maana hapa pia pana mamba na viboko. Utaona ndege wengi na vilima vya mchanga. Na baada ya mvua kubwa utaona bahari yenyewe imekuwa ya rangi ya udongo. Upepo wa kaskazi uvumapo, tope hilo husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, na matumbawe hudhurika, na samaki nao hukosa makao.

Si udongo wa Ukambani peke yake, kwa sababu mto huu huanzia pande za Ngong na Nairobi. Hata hivyo sehemu yake ni yetu. Itazame tena ile chupa yako. Imekaa bila kutikiswa tangu darajani, na chini yake pana tabaka la udongo. Mwulize mtoto udongo huo ulitoka shamba la nani.

Ukirudi nyumbani mwishoni mwa Agosti, wabaki na majuma sita hivi kabla ya mvua ya Oktoba. Mtaro wa fanya juu huchimbwa kwa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo ukitupwa upande wa juu, na nyasi zikipandwa juu ya tuta. Kupima mstari usioteremka si kazi ya kukisia; mwite Bwana Shamba wa kata yako mapema, kabla wengine hawajamwita.