2,147,483,647: namba tasa itakayosimamisha saa

Hebu iangalie vizuri: 2,147,483,647. Bilioni mbili na ushee. Uipate vipi? Andika 2 mara 31, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1.

Swali la kwanza: je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe? Kwa njia ya kawaida ungejaribu kila namba tasa iliyo chini ya kipeuo chake cha pili, kama 46,341 hivi. Hizo ni zaidi ya 4,700. Kwa kalamu na karatasi, hiyo si kazi ya siku moja!

Leonhard Euler alikuwa na njia ya mkato. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kinachobaki kigawanyike kwa 62, yaani 2 × 31. Kwa hiyo 3, 5, 7, 11 na wenzake wengi wanaachwa bila hata kujaribiwa. Unataka kuhakikisha? Fanya vilevile kwa 11: zidisha 2 kumi na moja, toa 1, unapata 2,047. Hiyo ni 23 × 89. Toa 1 kwa kila kimoja: 22 na 88. Zote zinagawanyika kwa 22, yaani 2 × 11. Umeona?

Mfano huo unafundisha jambo jingine pia: 11 ni tasa, lakini 2,047 siyo. Kwa hiyo huwezi kubahatisha, lazima upime. Euler alipima, akiwa karibu kipofu kabisa, na mwaka 1772 jibu lake likatoka: ni tasa.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mifumo mingi ya zamani huhifadhi namba kwa biti 32. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni hii hii yetu. Utasa wake hauhusiki hapa, kinachohusika ni ukomo wake.

Mifumo hiyo huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Sekunde 2,147,483,647 zitatimia Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde 7 juu yake. Sekunde inayofuata, hesabu inageuka hasi, na kifaa kinaamini ni 13 Desemba 1901. Sasa fikiria mkopo, bima au tarehe ya dawa kuisha muda inayosomwa na kifaa hicho.

Dawa ipo: kuhamia biti 64, ambazo zinatosha kwa zaidi ya miaka bilioni 290. Simu na kompyuta za kisasa nyingi zimeshahama. Wasiwasi uko kwenye vile vidude vilivyofungwa ndani ya mashine miaka mingi iliyopita, ambavyo hakuna anayevikumbuka. Kama unasomea programu, huenda kazi ya kuvitafuta ikawa yako.