‘Chai Yapanda Mombasa’: Kichwa cha habari kilichomtia jirani deni

Nilipokuwa mwanafunzi huko Bomet, gazeti lilitufikia kwenye kituo cha kuuzia majani chai likiwa limechelewa siku mbili, aghalabu likiwa limefungia sukari. Hilo halikutuzuia kulisoma. Siku moja karani alinipa karatasi hiyo niwasomee wazee waliokuwa wakisubiri lori. Nikatangaza kwa sauti: “Chai yapanda Mombasa!”

Kogo, nyanyangu, akatua kikapu. “Ati wamepanda chai Mombasa? Kwenye mchanga na joto lile? Nani huyo mwenye wazimu?”

Tulicheka hadi lori likafika. Jirani yetu mmoja hakucheka. Yeye alikielewa kichwa hicho barabara, au ndivyo alivyodhani: bei imepanda, basi bonasi itanona. Jioni hiyo akachukua mabati ya nyumba nzima kwa mkopo. Bonasi ilipotoka Oktoba, haikutosha hata misumari. Deni akalilipa kwa ng’ombe.

Msomaji mpendwa, kati ya Kogo na jirani, nani alikosea zaidi?

Kosa la Kogo lilikuwa la msamiati. ‘Panda’ ni kitawe: bei hupanda, na mbegu hupandwa. Kwa kanuni, chai iliyotiwa ardhini ingekuwa ‘yapandwa’, lakini nani hukumbuka kauli ya kutendwa akiwa na kikapu mgongoni?

Kosa la jirani lilikuwa la sarufi, nalo ndilo lililogharimu. ‘Yapanda’ ina kiambishi -a- cha wakati usiodhihirika. Jina lenyewe linajieleza: hakituambii kama jambo limekwisha kutokea, linatokea, au litaendelea kutokea. Wahariri wanakipenda kwa sababu ni kifupi na kina kishindo. ‘Yapanda’ inachukua nafasi ndogo kuliko ‘imepanda’, na ukurasa wa kwanza hauna nafasi ya kuchezea.

Kilichoachwa nje ndicho jirani alichokihitaji. Mnada wa chai, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969, hufanyika kila wiki. Bei ya leo huenda isiwepo wiki ijayo. Bonasi ya mkulima mdogo nayo hutokana na mauzo ya mwaka mzima, gharama zikishatolewa. Kwa hivyo kichwa hakikudanganya. Kilisema kweli ya wiki moja kwa sauti ya kweli ya milele.

Wala Kiswahili hakiko peke yake. Magazeti ya Kiingereza nayo hupenda wakati uliopo hata kwa mambo yaliyopita. Novemba 3, 1948, Chicago Daily Tribune nchini Marekani lilitoka na kichwa ambacho kwa Kiswahili kingekuwa ‘Dewey amshinda Truman’. Gazeti lilikuwa limekwenda mitamboni mapema, kura zikiwa bado zinahesabiwa. Truman akashinda, kisha akapigwa picha akiliinua gazeti hilo huku akicheka hadi gego.

Kuna mahali ambapo hakuna aliyecheka. Januari 2016, gazeti la Mawio nchini Tanzania lilibeba kichwa ‘Machafuko yaja Zanzibar’. Uchaguzi wa Oktoba 2015 visiwani ulikuwa umefutwa na wananchi walikuwa wakisubiri wa marudio. Je, ‘yaja’ hapo ni taarifa, utabiri au onyo? Sarufi inaruhusu yote matatu. Serikali haikungoja somo la viambishi, ililifuta gazeti.

Septemba 2017 ikawa zamu ya Raia Mwema, kwa makala yenye kichwa ‘Urais utamshinda John Magufuli’. Hapa wakati ulidhihirika wazi. Kitawe kilikuwa ‘shinda’: mtu hushinda uchaguzi, lakini kazi humshinda mtu. Rais aliyeshinda anaambiwa atashindwa, tena na kiti chenyewe! Gazeti likafungiwa siku 90.

Sisemi kwamba kufunga gazeti ni dawa ya utata wa lugha. La hasha! Mwandishi ana haki ya kuonya, na hata ya kutabiri vibaya. Ninachosema ni kwamba neno lenye milango miwili humwachia mwenye nguvu kuchagua mlango. Tanzania, aliyechagua alikuwa serikali, na gazeti likaumia. Bomet, aliyechagua alikuwa tamaa, na ng’ombe akaenda.

Tiba si kuutupa wakati usiodhihirika. Ni mtamu na ni wetu. Tiba ni maneno mawili matatu ya ziada: ‘Bei ya chai yapanda mnadani wiki hii’. Kichwa hicho kinachukua nafasi zaidi, lakini ni nafuu kuliko mabati ya nyumba nzima.

Na yule msomaji afanye nini? Afanye alivyofanya Kogo. Tulimcheka bure. Kati yetu sote pale kituoni, ni yeye peke yake aliyesikia kichwa cha habari akauliza: nani? Jirani hakuuliza lolote. Alikwenda dukani.