Taratibu Ngapi Ziandikwe Kiwandani?

Toleo la ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, lililotoka mwaka 2015 halitaji kwa jina hata utaratibu mmoja ambao lazima uandikwe. Wenye viwanda wengi wakiambiwa hivyo hawaamini. Mezani kwao kuna faili nene waliloandikiwa na mshauri kwa fedha nyingi, nao wameelezwa kuwa bila faili hilo cheti cha ubora hakipatikani.

Dhana hiyo ina historia. Kiwango hiki kilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, msingi wake ulikuwa kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 5750. Toleo la 1994 lilikuwa na vipengele 20, na karibu kila kimoja kilidai utaratibu wa maandishi. Toleo la 2000 likabakiza sita tu: udhibiti wa nyaraka, udhibiti wa kumbukumbu, ukaguzi wa ndani, udhibiti wa bidhaa zisizokidhi matakwa, hatua za kurekebisha na hatua za kuzuia. Sita hizo zikadumu hadi baada ya toleo la 2008. Mwaka 2015 zikaondolewa zote, na mwongozo wa ubora nao ukaacha kuwa wa lazima.

Yaliyobaki kuwa lazima ni machache. Mipaka ya mfumo iandikwe, pia sera ya ubora na malengo yake. Kumbukumbu kadhaa zitunzwe: za umahiri wa wafanyakazi, za usahihi wa vipimo, za tathmini ya wauzaji wa malighafi, za kuruhusu bidhaa itoke, za ukaguzi wa ndani na nyinginezo. Zaidi ya hapo taasisi inajipimia yenyewe, kwa kutazama ukubwa wake, ugumu wa shughuli zake na jinsi zinavyotegemeana, pamoja na umahiri wa watu wake.

Uhuru huo ndio unaowatia watu wasiwasi. Aliyezoea kuhesabu sita anataka apewe hesabu mpya. Mimi naona hesabu hutoka yenyewe ukiikabili kila kazi kwa maswali mawili. Je, ikikosewa, itamdhuru mtu au kumpoteza mteja? Na kosa hilo litaonekana kabla mzigo haujatoka getini?

Tuchukue kiwanda cha unga wa mahindi. Lori limefika na mzigo. Mpokeaji anachoma magunia kwa bambo, anatoa punje, anazipima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu aina ya aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Shida nyingine ni kwamba sumukuvu haisambai sawasawa: gunia moja linaweza kuwa nayo nyingi na lililo jirani yake likawa salama. Mpokeaji akichoma magunia mawili ya nyuma ya lori kwa sababu ndiyo anayoyafikia kwa urahisi, kipimo chake hakimwambii lolote kuhusu mzigo wote.

Kazi hii lazima iandikwe, na iandikwe kwa kina. Magunia mangapi yachomwe kwa kila lori, sehemu zipi za shehena, sampuli ichanganywe vipi, nani apime. Sentensi muhimu kuliko zote, na ambayo katika nyaraka nyingi nilizosoma haimo, ni ile inayosema nani ana mamlaka ya kukataa mzigo hata pale meneja wa mauzo anapokuwa na oda inayomsubiri. Bila sentensi hiyo mpokeaji mwenye cheo cha chini hana pa kushika siku anaposhinikizwa.

Hali kadhalika kuongeza virutubisho. Unga uliopungukiwa madini ya chuma unafanana kabisa na ule uliotimia. Kwa hiyo kiasi kwa kila tani, namna ya kukagua kifaa kinachodondosha virutubisho na muda wa kukikagua, vyote viandikwe. Karatasi moja iliyobandikwa kando ya mashine inatosha, kwa kuwa kiwango kinaruhusu maandishi, michoro, picha au video ya simu, alimradi iwe sahihi na imfikie anayeihitaji.

Kushona midomo ya mifuko hakuhitaji utaratibu wa maandishi. Mfuko ulioshonwa vibaya unaonekana papo hapo, na mfanyakazi mpya hujifunza kwa kumtazama mwenzake.

Katikati ya aina hizo mbili za kazi kuna ile ya fundi wa kinu. Fundi mahiri anajua kwa kusikiliza mlio na kushika unga kama mashine imekaa sawa. Umahiri wake unaweza kuchukua nafasi ya kurasa nyingi, mradi mafunzo na uzoefu wake viwe na kumbukumbu. Lakini kama yuko peke yake, na siku akiugua kinu kinasimama au kinatoa unga mbovu, basi mkae naye mwandike anachokifanya, kwa maneno yake mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kuandika kwa uangalifu, nayo wengi huigundua wakiwa mbele ya mkaguzi. Mfumo hukaguliwa dhidi ya kiwango na pia dhidi ya yale ambayo taasisi yenyewe imeyaweka. Ukiandika kwamba unyevu utapimwa kila saa, wakati watu wako wanapima kila lori linapoingia, umejitengenezea hoja ya ukaguzi juu ya jambo ambalo hukudaiwa na mteja wala na kiwango. Faili zilizonakiliwa kutoka kiwanda kingine zimejaa ahadi za namna hii.

Lugha nayo ni suala zito. Ni jambo la kusikitisha kukuta utaratibu wa kupokea mahindi umeandikwa kwa Kiingereza katika kiwanda ambacho wapokeaji wote wanafanya kazi kwa Kiswahili. Maandishi hayo yanamhudumia mkaguzi, na yanamwacha mikono mitupu mtu anayeshika bambo.

Kwa kiwanda cha unga chenye wafanyakazi thelathini hivi, kwa maoni yangu taratibu nane hadi kumi zinatosha: mapokezi, virutubisho, usafi na wadudu, usahihi wa vipimo, bidhaa iliyoharibika na kuirudisha kutoka sokoni, malalamiko ya wateja, ununuzi, ukaguzi wa ndani, na labda moja au mbili kulingana na mitambo. Tahadhari moja: uhuru huu ni wa ISO 9001. Anayetafuta ISO 22000 ya usalama wa chakula atadaiwa mpango wa maandishi wa kudhibiti hatari, na watengenezaji wa vifaa tiba wanaofuata ISO 13485 bado wanadaiwa taratibu nyingi zilizoandikwa.

Kwa kawaida cheti hudumu miaka mitatu, na mkaguzi hurudi walau mara moja kwa mwaka. Kabla hajarudi, lichukue faili lako uende nalo mapokezi na kinuni, ukaulize wanaofanya kazi ni kurasa zipi wanazozitumia. Zile ambazo hakuna anayezitumia, na ambazo zikikosekana hakuna kinachoharibika, zifute rasmi, na nakala zake za zamani uziondoe kila zilipobandikwa.