Sonona si ukosefu wa imani



Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja niliyoitumikia upande wa Handeni, mama mmoja mjane alinijia baada ya Misa. Kwa miezi kadhaa usingizi ulikuwa umempotea, shamba lilikuwa limemshinda, na jumuiya ndogo ndogo alikuwa ameacha kuhudhuria. Nilimwambia asali rozari kwa bidii zaidi. Alirudi baada ya majuma matatu akaniambia, "Baba, nasali, lakini sasa naona hata Mungu amenichoka." Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimemwongezea mzigo badala ya kumtua.

Ugonjwa wake huitwa sonona. Huzuni ya kawaida huja na kupungua. Sonona hukaa karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi. Mgonjwa hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, nguvu humwishia, hula au hulala isivyo kawaida yake, hujiona hana thamani, na pengine hutamani kufa. Wengi huanza kwa kulalamikia mwili: kichwa, moyo kwenda mbio, uchovu usioisha. Kwa hiyo majirani husema amerogwa au ni mvivu, na familia huuza mbuzi kuwalipa waganga kabla ya kufika zahanati.

Nabii Eliya naye alichoka, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe (1 Fal 19). Mungu hakumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Ndipo safari ikaendelea. Neema haikudharau mahitaji ya mwili.

Tiba ya mazungumzo ni nini basi? Si kupewa mawaidha, wala si kitubio. Kitubio huondoa dhambi, na sonona si dhambi. Mtaalamu husikiliza kwa utaratibu, kwa vikao vilivyopangwa, akimsaidia mgonjwa kuona jinsi mawazo, hisia na matendo yanavyovutana, na kurudia kazi ndogo ndogo hatua kwa hatua.

Ushahidi tunao karibu. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, nchini Uganda, watu wenye dalili za sonona waligawanywa kwa vijiji. Baadhi ya vijiji vilipata vikundi vya mazungumzo mara moja kwa juma, kwa majuma 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili tu. Walizungumzia mambo ambayo sisi pia tunayajua: msiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha. Mwishoni, kati ya waliokuwa katika vikundi, takriban 7 katika kila 100 ndio waliobaki na sonona. Katika vijiji vingine walikuwa takriban 55.

Wengine huhitaji pia dawa. Dawa hizi huchukua majuma kadhaa kuonyesha nguvu yake, na zisiachwe ghafla bila ushauri wa mganga wa hospitali.

Nawaomba viongozi wa jumuiya, makatekista na wazazi wa Handeni na Korogwe: mkimwona mtu amejitenga, mtembeleeni, msikilizeni bila kumhukumu, kisha msindikizeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Akitaja kifo, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, ondoeni sumu za shambani karibu naye, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na aliyempoteza ndugu kwa njia hiyo asikate tamaa. Katekisimu (2282–2283) inafundisha kwamba maradhi makubwa ya nafsi hupunguza uwajibikaji, na kwamba Kanisa huwaombea marehemu hao.

Yule mama nilimsindikiza hospitali. Anasali bado, na sasa analala.