Kaboni ya Kongo Inalindwa na Maji

Katika vinamasi vya Cuvette Centrale, katikati ya bonde la Mto Kongo, fimbo ya chuma huzama ardhini kwa nguvu za mikono tu. Inapita mita moja, mbili, tatu, kwingine hata sita, ndipo igonge udongo wa mfinyanzi. Chombo cha kuchukulia sampuli kikivutwa juu, kinatoka na tope jeusi lililochanganyika na vipande vya mizizi na majani. Majani hayo yalianguka maelfu ya miaka iliyopita na hadi leo hayajamaliza kuoza. Hiyo ndiyo mboji, na ndani yake mna kaboni nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Ramani ya kwanza ya mboji hiyo ilitolewa mwaka 2017 na Greta Dargie, Simon Lewis na wenzao, akiwemo Suspense Averti Ifo wa Kongo-Brazzaville. Mwaka 2022 ikafuata ramani iliyoboreshwa, na safari hii Corneille Ewango wa Kisangani alikuwa miongoni mwa watafiti. Eneo lililopatikana ni kilomita za mraba zipatazo 167,600, sawa na Burundi sita, na theluthi mbili yake iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kaboni iliyomo inakadiriwa kufikia tani bilioni 29. Dunia nzima ikichoma mafuta, makaa ya mawe na gesi, inachukua kama miaka mitatu kutoa kiasi hicho.

Kwa nini imerundikana huko? Mti hufyonza hewa ya ukaa kwa msaada wa jua, ukajijengea shina, majani na mizizi. Katika msitu wa nchi kavu, jani likianguka hushambuliwa na mchwa, kuvu na bakteria, na sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi angani upesi. Kinamasini jani huangukia maji yasiyo na oksijeni, kwa hiyo waozeshaji hao hufanya kazi kwa shida. Uozo unachelewa, majani mapya yanaangukia ya zamani, na mboji inaongezeka kidogo kidogo. Maji yakishuka, hewa hupenya, uozo hushika kasi na kaboni huanza kutoka.

Hayo yalishatokea. Mwaka 2022 kundi la watafiti lililoongozwa na Yannick Garcin lilieleza sampuli kutoka upande wa Brazzaville zilizokuwa na pengo la ajabu: mboji ya kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita ilikuwa imebaki kidogo mno, na iliyobaki ilikuwa imeoza sana. Nta ya mimea ya kale iliyohifadhiwa humo ilionyesha kwamba tangu miaka 5,000 hivi iliyopita mvua zilikuwa zikipungua. Maji yalishuka, na mboji iliyokwisha kulala chini ikaoza. Hakuna aliyekuwa ameleta msumeno. Ukavu peke yake ulitosha.

Leo vinamasi hivyo hupata mvua ya takriban milimita 1,700 kwa mwaka, pungufu ya ile inayonyesha katika maeneo ya mboji ya Indonesia, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka mawinguni, si mtoni. Nafasi ya kuvumilia ukame ni finyu. Indonesia yenyewe, iliyojaliwa mvua nyingi zaidi, ilionja matokeo ya kukausha mboji: mwaka 1996 serikali ya Suharto ilianza kuchimba mifereji huko Kalimantan ili kupanda mpunga. Mwaka uliofuata ukame wa El Niño ulikuta mboji imekauka. Moto ukaingia ardhini, moshi ukafunika nchi jirani, na mpunga ulioahidiwa haukupatikana.

Maji mengi nayo yana gharama yake. Pasipo oksijeni, vijidudu vingine hutengeneza methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa, tani kwa tani. Wakazi wa Kisumu, Mwanza na Entebbe wanakumbuka mvua za mwishoni mwa 2019 na jinsi Ziwa Victoria lilivyofurika mwaka 2020. Maji hayo yaliteremka na Mto Nile hadi kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, na setilaiti zikaona methani ikiongezeka katika ukanda huo. Hata hivyo, kukausha kinamasi si dawa, kwani ni kuachia akiba ya maelfu ya miaka ili kuzuia gesi ya msimu.

Mwaka 2022 Kinshasa ilinadi vitalu vya mafuta, vingine vikiwa juu ya mboji. Mwaka 2024 mnada huo ukafutwa. Ilikuwa hatua njema, ila haikutosha. Barabara iliyojengwa bila makalvati ya kutosha, au mfereji mmoja wa shamba, huweza kushusha maji hata kama miti yote imeachwa imesimama. Anayedai kulinda vinamasi vya Kongo na aonyeshe, pamoja na hekta za msitu, rekodi ya kina cha maji katika kila kiangazi.